Lupopo ya mieleka: kampuni ndogo inawezaje kusimama mbele ya WWE?

Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa maana ya mpinzani. Siku ya Mazembe na Lupopo mji hugawanyika tangu asubuhi, Kunguru upande huu, watu wa reli upande ule, na katika nyumba moja unaweza kukuta baba yuko huku na mtoto yuko kule. Mazembe imeshachukua ubingwa wa Afrika mara tano, na mwaka 2010 ikacheza fainali ya klabu za dunia na Inter Milan. Lupopo haijafika huko. Lakini nenda mitaa ya Kamalondo au Kenya hapa mjini useme Lupopo si mpinzani wa Mazembe, uone kama utamaliza sentensi.

Majuzi kijana mmoja wa mtaani kwetu Katuba, ambaye hutazama mieleka kwenye simu usiku wa manane mega zinaposhuka bei, aliniuliza swali: "Yaya, hii kampuni ingine, AEW, iko na bantu ba nguvu, iko na feza. Juu ya nini haishinde WWE?" Zote mbili ni kampuni za mieleka za Marekani, na nikamjibu harakaharaka kwamba WWE ni kubwa sana, basi. Jibu lile lilinikera usiku mzima, kwa sababu halikueleza kitu. Mimi nimependa mchezo huu tangu enzi za kaseti za video, na swali lake lilistahili zaidi ya hapo.

Tuanze na kosa lililokuwa ndani ya neno "haishinde". Katika kabumbu, ratiba ya ligi ndiyo inayowalazimisha Mazembe na Lupopo kukutana. Wanaingia uwanja mmoja, mwamuzi mmoja, na dakika tisini zikiisha kila mtu anajua nani alale vizuri. Katika mieleka ya kulipwa jambo hilo halipo. Bingwa wa WWE hatetei mkanda wake mbele ya bingwa wa AEW. Kila kampuni ina mikanda yake, waamuzi wake, na waandishi wake wanaopanga mapema nani ashinde na kwa njia gani. Mapigo yanauma kweli, migongo inaharibika kweli, ila matokeo yanajulikana kabla kengele haijalia.

Kwa hiyo ugomvi wa kampuni na kampuni haupo ulingoni. Uko kwenye saa za mtazamaji jioni, kwenye sahihi ya mwanamieleka aliyemaliza mkataba, kwenye tarehe za kumbi kubwa, na zaidi ya yote uko kwenye hundi ya kituo cha televisheni. Ukilishika hili, mambo mengi yanafunguka.

Hundi ile ni ya kiasi gani? Mwanzoni mwa 2024 Netflix ilitangaza kuchukua kipindi cha Raw cha WWE kwa miaka 10, kwa zaidi ya dola bilioni 5. Kipindi chao kingine, SmackDown, kilikuwa kimeshauzwa kwa miaka mitano kwa dola bilioni 1.4. Oktoba mwaka huohuo AEW ilisaini na Warner Bros. Discovery mkataba ulioripotiwa kuwa wa kama dola milioni 185 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: mkubwa anapata mara nne na zaidi kwa vipindi viwili tu, kabla hujahesabu tiketi na fulana. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Milioni 185 kila mwaka zinalipa mishahara, ndege, hospitali na taa. Kampuni iliyozaliwa 2019 ina bomba lake la maji, na haimwombi jirani ndoo. Kwangu mimi hapo ndipo upinzani unapoanzia.

Na bomba hilohilo ndilo lililoua waliotangulia. Ili kuona hivyo inabidi turudi nyuma kidogo.

Zamani Marekani haikuwa na kampuni moja kubwa ya mieleka. Kulikuwa na mapromota wa mikoa, kila mmoja na eneo lake, na tangu 1948 wengi wao walikuwa chini ya mwamvuli wa NWA wakiheshimiana mipaka: wewe usije kwangu, mimi siji kwako. Vince McMahon alipoinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, aliivunja heshima hiyo. Televisheni ya waya ilikuwa imeanza kufika kila jimbo, naye akaona kwamba mpaka wa promota hauna maana tena ikiwa picha inaingia sebuleni kwa mtu. Akawachukua mastaa wa wenzake, akiwemo Hulk Hogan aliyekuwa Minneapolis, na Machi 1985 akafanya WrestleMania ya kwanza pale Madison Square Garden, New York. WWE, wakati huo ikiitwa WWF, nayo ilikuwa nyumba moja kati ya nyingi. Ilikua kwa sababu mlango mpya ulifunguka, na yeye akawa wa kwanza kuingia bila kubisha hodi.

Aliyekaribia zaidi kumwangusha ni Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Atlanta, aliyenunua kampuni ya ukoo wa Crockett mwaka 1988 na kuifanya WCW. Kwa miaka kadhaa WCW ilijikokota. Halafu, kama anavyosimulia Eric Bischoff aliyekuwa akiiongoza, Turner alimuuliza inahitaji nini ili kushindana na McMahon. Bischoff akasema: saa nzuri ya usiku. Turner akampa Jumatatu, kwenye chaneli yake ya TNT, saa ileile ya Raw. Kipindi hicho, Nitro, kikaanza Septemba 4, 1995, ndani ya duka kubwa la Mall of America, na usiku ule wa kwanza akatokea mwanamieleka Lex Luger, ambaye siku chache tu nyuma alikuwa bado wa WWF. Mtazamaji akajiuliza, huyu kafikaje hapa?

Swali hilo, kafikaje hapa, ndilo lililokuwa dawa yote ya WCW. Vipindi vingi vya Raw vilikuwa vimerekodiwa kabla. Nitro ilikuwa ya moja kwa moja. Mei 1996 Scott Hall, aliyekuwa ametoka WWF, alitokea katikati ya watu na nguo zake za kawaida, akapanda ulingoni kama mtu aliyevamia harusi. Wengi waliamini ametumwa na WWF. Mwenzake Kevin Nash akafuata. Julai 7, huko Daytona Beach, watu wakisubiri Hogan, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia WCW, aje kuwaokoa, Hogan akaja na kumwangukia mwenzake wa WCW. Aliyekuwa shujaa wa watoto kwa miaka kumi nzima akawa mbaya kuliko wote. Watu walirusha makopo na takataka hadi ulingo ukajaa. Tangu katikati ya mwaka ule Nitro iliipita Raw kwa idadi ya watazamaji wiki 83 mfululizo.

Wiki 83. Hakuna kampuni nyingine iliyowahi kumfanyia McMahon hivyo. Basi kwa nini leo WCW haipo?

Watu wengi husema ni kwa sababu WWF ilipata Steve Austin na The Rock. Kweli walisaidia sana. Lakini mimi naona ugonjwa ulianza mapema, tena usiku wa sherehe. Kwa zaidi ya mwaka mmoja WCW ilimweka mwanamieleka wake Sting juu ya mapaa ya kumbi, uso umepakwa rangi nyeupe na nyeusi, kimya, haongei na mtu, akimtazama Hogan kutoka juu. Watu walisubiri. Desemba 28, 1997, kwenye onyesho la Starrcade, siku ikafika, na watu wakalipa kuliko walivyowahi kulilipia onyesho lolote la WCW. Kisa kilitaka hivi: mwamuzi mwenye hila ahesabu harakaharaka ili kumwibia Sting, ndipo mwanamieleka mwingine, Bret Hart, aingie na kudai haki. Mwamuzi akahesabu kwa kasi ya kawaida. Moja, mbili, tatu. Kila aliyekuwa na macho aliona Sting amelazwa kihalali. Bret Hart akaja kudai wizi ambao hakuna aliyeuona, pambano likaanzishwa upya, Sting akapewa ushindi uliokwisha kuoza.

Hadi leo watu wanabishana kwa nini mkono ule ulienda taratibu. Lisilobishaniwa ni kwamba mkataba wa Hogan ulimpa sauti juu ya jinsi mapambano yake yatakavyokwisha. Kampuni ilikuwa imemkabidhi mchezaji funguo za nyumba. Ukimlipa mtu kukujengea, halafu ukampa na haki ya kuamua paa likae wapi, usishangae mvua ikiingia.

Halafu kuna Januari 4, 1999. Raw ya siku ile ilikuwa imerekodiwa, kwa hiyo watu wa WCW walijua kwamba Mick Foley, mtu aliyeanguka kutoka juu ya vizimba na kupoteza meno kwa ajili ya kazi hii, anashinda ubingwa kwa mara ya kwanza. Wakamwambia mtangazaji wao alitoboe hilo hewani na kulidharau, wakifikiri watu watabaki. Watu wakabadilisha chaneli kwenda kumwona Foley. Waliobaki Nitro walimwona Hogan akimgusa Nash kwa kidole kimoja kifuani, Nash akajiangusha, na mkanda ukapata mwenyewe mpya. Watu walikuwa wamelipia tiketi za pambano, wakaonyeshwa kidole.

Hata hivyo WCW haikufa siku hiyo, wala haikuuawa na idadi ya watazamaji. Mwaka 2000 iliripotiwa kupoteza zaidi ya dola milioni 60, lakini bado kulikuwa na kundi la wawekezaji, Bischoff akiwemo, lililokuwa karibu kuinunua. Kilichoiua ni kwamba kampuni ya Turner ilikuwa imemezwa na Time Warner, nayo ikaungana na AOL, Turner hakuwa tena mwenye neno la mwisho, na bosi mpya wa chaneli hakutaka mieleka kwenye vituo vyake. Machi 2001 akafuta vipindi. Bila vipindi wawekezaji wakajiondoa, maana walikuwa wananunua nini? Ulingo na majina? McMahon akaokota jina, video na baadhi ya mikataba kwa dola milioni chache, fedha ambazo Nitro ingeweza kuziingiza kwa maonyesho machache mazuri. Nitro ya mwisho ilikuwa Machi 26.

Kwa hiyo aliyemshinda McMahon kwa wiki 83 alizimwa na mtu wa ofisini ambaye hata mieleka hakuitaka. Bomba lilikuwa moja, na mkono kwenye koki haukuwa wake.

Kampuni ndogo ya ECW ya Philadelphia ilionja sumu ileile kwa kikombe kidogo. Paul Heyman alifanya maonyesho ndani ya ukumbi wa bingo, watu wamebanana, meza zinavunjika, na humo walipita Rey Mysterio, Eddie Guerrero na Chris Jericho kabla wakubwa hawajawachukua mmoja baada ya mwingine. Kila kitu WWF ilichofanya baadaye kwa ukali, ECW ilikifanya kwanza kwa umaskini. Mwaka 1999 wakapata kipindi kwenye chaneli ya TNN. Mwaka uliofuata TNN ikaipata Raw yenyewe, na ECW ikatolewa mlangoni. Aprili 2001 wakafilisika, na wanamieleka wengi wakidai mishahara. Nawapenda watu wale kwa walichobuni. Lakini mtu anayevunjika mbavu anastahili kulipwa mwisho wa mwezi, na hapo sina neno la kuwatetea.

TNA ni kisa kingine, na ndicho ningependa kila promota mdogo akisome kwa makini. Ilianzishwa 2002 na Jeff Jarrett na baba yake Jerry. Walikuwa na vitu vyao: kitengo cha X, ambako AJ Styles na Samoa Joe walipigana kwa namna ambayo WWE wakati ule haikuwa nayo, ulingo wa pembe sita, na kuanzia 2007 wanawake waliopewa muda wa kupigana kweli, wakati kwingine walipewa dakika tatu na nguo za kuogelea. Watu walikuwa na sababu ya kuitazama TNA. Kisha Oktoba 2009 wakatangaza kumchukua Hogan pamoja na Bischoff, na 2010 wakaondoa ulingo wa pembe sita, wakaleta mastaa waliochoka, na Machi wakahamia Jumatatu kupambana na Raw uso kwa uso, kana kwamba ni 1996. Hadi Mei walikuwa wamesharudi Alhamisi. Walichukua kila kilichowafanya wawe TNA wakakibadilisha na kivuli cha mwingine. Mtu anayetaka WWE ataitazama WWE. Kwa nini anywe juisi iliyochanganywa na maji?

Sasa AEW. Nafikiri kijana wangu wa Katuba anadhani ilianza na fedha. Ilianza na tiketi. Mwandishi wa habari za mieleka, Dave Meltzer, aliulizwa mtandaoni kama kampuni ndogo ya ROH inaweza kuuza tiketi 10,000, akajibu kwamba si karibuni. Cody Rhodes akaichukua kama dau. Yeye na ndugu wawili wanaoitwa Young Bucks wakakodi ukumbi karibu na Chicago, wakaliita onyesho All In, na Septemba 1, 2018 zaidi ya watu 10,000 waliingia. Tiketi zilikuwa zimekwisha kwa kama nusu saa. Walikuwa wamewajenga watazamaji wao kwa video fupi za mtandaoni na fulana, mwaka baada ya mwaka, bila chaneli ya televisheni ya kwao.

Ndipo Tony Khan alipokuja, ambaye baba yake Shahid anamiliki Fulham ya Uingereza na Jacksonville Jaguars ya kabumbu la Marekani. Utaratibu ni muhimu: watazamaji walitangulia, tajiri akafuata, televisheni ikafuata. WCW ilianza na tajiri na televisheni, ikatafuta watazamaji kwa kununua sura za mwingine.

Oktoba 2, 2019 Dynamite ikaanza kwenye TNT, Jumatano. Hawakwenda Jumatatu, wala hawakujaribu. WWE ndiyo iliyokuja kuwakabili: ikachukua NXT, kitengo chake cha vijana, ikakipa muda wa saa mbili kila Jumatano kwenye chaneli kubwa. Aprili 2021 NXT ikahamishiwa Jumanne. Hiyo ndiyo vita ya siku pekee ambayo AEW inaweza kusema imeishinda, na iliishinda kwa kukaa nyumbani kwake. Agosti 2023 wakajaza Wembley, London, na kutangaza tiketi 81,035.

Lakini usiku uleule wa Wembley kulikuwa na ugomvi nyuma ya pazia uliomhusisha CM Punk, staa wao mkubwa kuliko wote, na siku chache baadaye akafukuzwa. Miezi miwili na kitu mbele alikuwa WWE, akishangiliwa Chicago. Cody Rhodes mwenyewe, mmoja wa waasisi, alikuwa ameondoka 2022, na leo ni uso wa WWE. Hapa ndipo nafikiri AEW inaumia zaidi kuliko kwenye fedha. Inawapata watu, inawapandisha, inawalipa vizuri, lakini visa vyake mara nyingi vinaanza kwa moto na kuisha bila mtu kujua viliishia wapi. Mapambano ya maonyesho yao makubwa ni bora duniani, nasema hivyo bila kusita. Ila mtu asiyejua kwa nini hawa wawili wanachukiana hawezi kurudi wiki ijayo kwa ajili ya mapambano mazuri peke yake.

Na mkubwa halali. Julai 12, 2025 AEW ilipofanya All In kwenye uwanja mkubwa Texas, WWE ilipanga maonyesho yake Atlanta siku hiyohiyo. Mwaka huohuo ikatangaza kuinunua AAA ya Mexico. Anayekua karibu naye anaweza kuwekewa tarehe moja, anaweza kuchukuliwa staa, au anaweza kununuliwa.

Mexico nayo ina somo ambalo watu wanalipita haraka. Kuna kampuni nyingine kule, CMLL, iliyoanza 1933, kongwe kuliko zote zinazofanya kazi hadi leo. Ina ukumbi wake, Arena México, tangu 1956. Kila Ijumaa watu huenda. Bibi huenda na mjukuu, vinyago vinauzwa nje, na mwanamieleka akipoteza kinyago chake ulingoni watu wazima hulia. CMLL haina mpango wa kuishinda WWE. Lakini WWE haiwezi kuichukua Ijumaa ile, maana haiko kwenye televisheni peke yake. Iko kwenye desturi za mji.

Hapo ndipo mawazo yangu hurudi nyumbani.

Kongo ina mieleka yake, le catch, na kila mtu anajua hata kama hajawahi kwenda. Kinshasa wamemwona mwanamieleka Edingwe, mwenye jina la ulingoni Moto na Ngenge, akijaza viwanja. Mchezo wetu una kitu ambacho hakuna ofisi ya Marekani iliyokiandika: dawa. Mtu anaingia na fuvu la mnyama, anapuliza unga, mpinzani wake anaganda kama mti, watoto wanarudi nyuma hatua tatu. Mtu wa nje akiona hucheka au huogopa. Sisi tunajua tunachotazama, na tunajua pia kwamba hatuna hakika kabisa. Ni ileile "kafikaje hapa" ya mwaka 1996, nasi tunayo tangu zamani, bure.

Nitasimulia nilichokiona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumapili, kwenye uwanja wa shule Katuba. Ulingo ulikuwa wa mbao zilizolazwa juu ya matairi ya lori, magodoro ya sponji juu yake, halafu turubai la bluu lililokazwa kwa misumari. Kamba zilikuwa nyaya zilizovishwa mpira wa bomba la kumwagilia bustani, ili zisikate mgongo. Bendi ya matarumbeta ilipiga tangu saa saba. Watu walikuwa wengi, wanaolipa na wanaopanda ukuta. Mapambano ya mwanzo yalikuwa mazuri. Kijana mmoja mwembamba aliruka kutoka kwenye kamba ya juu, nikajikuta nimesimama bila kujua.

Pambano kubwa likaja. Wawili wenye majina, kila mmoja na watu wake na mganga wake. Walipigana dakika kumi hivi. Kisha nikaona kitu nilichokijua. Mmoja alipaswa kuanguka, hakuanguka. Mwenzake akampiga tena, hakuanguka. Wakaanza kunong'onezana wakiwa wamekumbatiana, na kunong'ona kukawa ugomvi wa kweli. Hakuna aliyekubali kupoteza mbele ya mtaa wake. Watu wa kona wakapanda, mwamuzi akashuka, kengele ikapigwa ovyo, jua likazama. Tulirudi nyumbani bila kujua nani kashinda. Mama mmoja niliyetembea naye njiani alisema tu, "Papa, feza yetu banaikula. Mi sirudie." Starrcade ile ya Sting, na sisi tulikuwa nayo hapa, juu ya matairi.

Nilimfuata mwandalizi siku mbili baadaye, kwa sababu jambo hili liliniuma. Hakukasirika. Alinieleza mzigo wake: kibali cha komine, viti vya kukodi, mafuta ya jenereta, vipaza sauti, matarumbeta, na mastaa wawili ambao kila mmoja alitaka nusu yake kabla ya kuvaa. Tuseme watu mia nne wanalipa franga elfu mbili kila mmoja. Ni laki nane. Ukiwatoa wakodishaji wote, kinachobaki kinagombaniwa na wanamieleka kumi na wawili. Kwa hiyo anategemea mfadhili, tuseme mgombea wa uchaguzi au muuza bia, na mfadhili akibadilisha mawazo hakuna Jumapili. Koki tena, na mkono wa mtu mwingine juu yake.

Tukakaa hadi usiku. Nilimwambia mambo niliyoyatoa kwenye visa hivi vyote. Alikubali mengine, mengine akayakataa. Siku iwe moja isiyobadilika, hata kama watu ni mia tu; hilo alikubali. Kijana yule mwembamba aruke kila mara, na asimamishwe mbele kabla mtu wa Kolwezi au Likasi hajamwita, alikubali. Video zipigwe na mtu mmoja anayejua kushika simu, zibaki mikononi mwake, asimpe mtu wa chaneli bure, kwa sababu McMahon alipoinunua WCW kitu cha thamani alichokipata kilikuwa makasha ya video za miaka yote. Hapo alinyamaza kidogo, akaniambia ana video za tangu zamani kwenye simu iliyokufa, na akaenda kuitafuta.

Alichokataa ni kuacha dawa na kufanya mapambano "ya kimataifa", na namshukuru kwa kukataa, maana mimi sikumwomba hivyo. Kuna watu wengine waliomshauri. Watu wa Katuba wanaweza kuona wanaume wenye misuli na mafataki kwenye simu zao, bure, usiku. Hawawezi kuwaona kwenye simu jirani zao wakigandishwa kwa unga mweupe.

Gumu lilikuwa la mastaa wawili. Nani aanguke? Alisema hawezi kuwalazimisha, ni wakubwa zake. Nikamuuliza: je, kama anayeanguka Jumapili hii anajua, na watu wanajua, kwamba Jumapili fulani atarudi? Kama kuanguka kwake ndiko kunakouza tiketi ya kurudi? Akasema atakwenda kuongea nao, kila mmoja nyumbani kwake, kwa heshima na kreti ya vinywaji.

Sikujua waliongea nini. Jumapili iliyofuata watu walikuwa pungufu, kama yule mama alivyoahidi. Mmoja wa wakubwa wale alianguka dakika ya tisa, akalala kimya, unga mweupe umemjaa kifuani, watu wake wakimwita jina naye haitiki. Walimbeba hadi nje. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Mwandalizi akachukua kipande cha chaki, akaenda kwenye ukuta wa darasa, akaandika kwa herufi kubwa: Jumapili, saa tisa, na majina mawili yaleyale. Vijana wakatoa simu zao, wakaanza kuupiga picha ukuta.